Mkufunzi kafungiwa, farasi wake bado wanakimbia. Mamlaka ina meno kiasi gani?

Mshabiki wa Ngong:
Wakuu, habari za jioni. Bob Baffert, mkufunzi wa farasi wa mbio, alifungiwa siku 90 kule Marekani kuanzia tarehe 4 Aprili 2022. Siku chache baadaye farasi aliyekuwa bandani mwake, Taiba, akashinda mbio za Santa Anita Derby, na Mei akaingia mbio kubwa za Kentucky Derby. Sasa kufungiwa gani huko? Tume ya mbio za farasi inaweza kuingia bandani na kuchukua farasi, au inatoza faini tu na kumwacha mtu na mambo yake?

Saisi wa Zamani:
Ndugu yangu, nimefanya kazi ya usaisi miaka mingi, Ngong kwanza kisha ng'ambo, kwa hiyo jambo hili nalijua kutokea bandani.

Farasi si mali ya mkufunzi. Ana mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hana kosa. Kwa hiyo tume inashika leseni. Bila leseni huandikishi farasi mbioni, wala getini hupiti. Tume ya Kentucky ilimkuta Medina Spirit, farasi wa banda la Baffert, na betamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe, pikogramu 21 kwa mililita ya damu, baada ya Derby ya 2021. Wakamnyang'anya ushindi, akapewa farasi wa pili, Mandaloun. Baffert akafungiwa na kutozwa dola 7,500.

Lakini banda lake liko California, na huko ndiko adhabu ilikouma. Tume ya California iliiheshimu adhabu ya Kentucky. Kwa kanuni zao, mkufunzi aliyefungiwa siku 60 au zaidi anapoteza vyumba vya farasi alivyopewa uwanjani. Vibao vya jina lake vikabanduliwa uwanja wa Santa Anita, vifaa vikatolewa, farasi wakahamishiwa kwa wengine. Wasaidizi wake hawakuruhusiwa kuwapokea. Taiba akaenda kwa Tim Yakteen.

Mshabiki wa Ngong:
Mzee wangu, shikamoo. Lakini huyo Yakteen si aliwahi kuwa msaidizi wake?

Saisi wa Zamani:
Marahaba. Aliwahi, miaka ya nyuma, na kanuni haikumzuia. Julai Taiba akarudi kwa Baffert, na Septemba akashinda Pennsylvania Derby. Mwenye farasi hakupoteza hata msimu mmoja. Hapo ndipo ninapoona udhaifu.

Linganisha na Newmarket, Uingereza, 2013. Mahmood Al Zarooni, mkufunzi wa Godolphin, banda la mtawala wa Dubai, alifungiwa miaka 8 kwa kuwapa farasi steroidi, dawa za kujenga misuli. Wakaguzi waliingia bandani bila hodi, wakapima farasi 45, 11 wakakutwa nazo. Mamlaka ya Uingereza ikazuia na farasi wenyewe: 15, wakiwamo hao 11, hawakukimbia kwa miezi 6. Hayo ndiyo meno. Farasi akibaki bandani bila kukimbia, mwenyewe atamchunguza mkufunzi kabla ya kumkabidhi mnyama.

Wakili Kijana:
Niongeze, kwa ruhusa ya mzee. Msichanganye tume na uwanja. Churchill Downs, wenye uwanja wa Kentucky Derby, ni kampuni: ilimzuia Baffert kwenye viwanja vyake tangu 2021 na kumfungulia Julai 2024. Februari 2023 mahakama ilikataa kuizuia. New York ilikuwa tofauti: Julai 2021 jaji aliusimamisha mkono wa wenye uwanja kwa sababu mtu hakusikilizwa kabla ya kufungiwa. Wakamwita, wakamsikiliza, kisha wakamfungia upya. Tangu Mei 2023, katika majimbo mengi, dawa zinasimamiwa na chombo kimoja cha taifa chini ya HISA, sheria ya Marekani ya uadilifu na usalama wa mbio za farasi, hivyo mkanganyiko wa jimbo kwa jimbo umepungua.

Mshabiki wa Ngong:
Nimeelewa, asanteni. Na masaisi wakati huo wanakwenda wapi?

Saisi wa Zamani:
Swali hilo watu hawaliulizi, na ndilo linaloniuma. Banda moja nililofanyia kazi ng'ambo, bosi alifungiwa na sisi tukaambiwa alfajiri, ndoo za chakula mkononi. Mchana lori likaja. Jike mmoja niliyemlea alikuwa haingii lorini mpaka umshike sikio la kushoto na kumsemesha. Nikamwonyesha saisi mpya, nikampa na kamba yake. Mshahara wa mwezi ule sikulipwa kikamilifu. Mamlaka ikimfungia mkufunzi, iagize pia masaisi walipwe kabla leseni haijarudi. Leseni iko mikononi mwao, uwezo wanao.