Chapa ya mapokezi ya mtawala, Antwerp 1635: hii ni sifa au lawama?

Kalamu Kavu: Wakuu, heshima kwenu. Naandika insha ya historia ya sanaa kuhusu chapa (picha iliyochapwa) ya Theodoor van Thulden. Inaonyesha jukwaa la mapambo lililobuniwa na mchoraji Rubens pale mjini Antwerp (leo Ubelgiji), Aprili 1635, kumpokea Ferdinand, gavana mpya wa Nchi za Chini zilizokuwa chini ya Uhispania, mdogo wake Mfalme Philip IV wa Uhispania. Nimeshaandika kwamba ni ya kumsifu mgeni, maana kwenye mapambo mengine ushindi wake katika vita vya Nördlingen (1634) umetawala. Lakini hapa Merkuri, mungu wa biashara, anaruka kama mtu anayehama mji, na mwanamke aliyepiga magoti anamwonyesha kwa mkono. Niifute insha?

Bi Mkubwa: Usifute, mwanangu. Anza kuitazama kwa chini. Mzee aliyelala na mtungi wake ni mto Scheldt, na ukikuza picha utaona miguu ina pingu. Pembeni kuna baharia hana kazi, mashua imepinduliwa, na Ufukara yuko jirani yake. Waholanzi, waliokuwa wakipigana na Uhispania, waliubana mto huo tangu 1585, meli za biashara zikakosa njia ya bahari. Huyo aliyepiga magoti ni Antwerp mwenyewe, anamsihi Ferdinand asimwachie Merkuri aondoke.

Ngurumo: Kumbe risala kwa mgeni rasmi! Ngoma kwanza, vigelegele, halafu "hata hivyo mheshimiwa, maji hatuna."

Bi Mkubwa: 😂 Ndiyo hiyo.

Mpita Njia: Mleta uzi, tenganisha jukwaa na chapa. Jukwaa lilikuwa la mbao na turubai, likabomolewa. Chapa ziliingia kwenye kitabu kikubwa chenye maelezo ya Kilatini ya mwanazuoni Gevartius, na jalada lake lina mwaka 1641, mwaka huohuo Ferdinand alipofariki. Mto ulikuwa bado umefungwa, na mkataba wa amani wa Münster wa 1648, kati ya Uhispania na Waholanzi, ukauacha hivyohivyo. Kwa hiyo msomaji wa kitabu alikuwa anatazama ombi ambalo halikujibiwa. Mimi hapo ndipo ningeweka hoja yangu.

Kalamu Kavu: Asanteni sana. Na lile pambo lingine la mapokezi hayo, Hekalu la Janus (mungu wa Kirumi ambaye milango ya hekalu lake iliachwa wazi wakati wa vita), ambapo Ghadhabu anatoka mbio kafungwa macho, ana upanga na mwenge, huku Amani akihangaika kufunga mlango? Niliweke?

Mpita Njia: Aya moja tu. Ukilipa nafasi zaidi, litameza insha yote.