Naombeni ushauri: nikapime hatari ya saratani ya matiti au niache?

Habari wadau. Nina miaka 34, watoto wawili. Mama alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na 47, na mwaka huu mdogo wake naye kakutwa nayo, kakatwa titi la kushoto, mimi ndo nambadilishia bandeji kwahiyo kile kidonda nakiona kila asubuhi kabla hata ya chai. Daktari wake kaniambia mimi na dada tukaangaliwe, tuanze na historia ya ukoo na ultrasaundi, ikibidi na kipimo cha jeni za BRCA, zile ambazo zikiwa na kasoro hatari ya saratani ya matiti inapanda, ndo zilizomfanya mwigizaji Angelina Jolie atolewe matiti yote 2013 akiwa mzima kabisa.

Dada hataki kusikia, anasema ukikitafuta utakipata. Mume wangu anauliza tukishajua ndo tutafanyaje, na bima yetu hailipii hicho kipimo. Shangazi ndo kabisaa, yeye kashasema ukoo umerogwa 😅

Mi nisiwe muongo, hela naweza kujichanga, ninachoogopa ni jibu lenyewe, maana nina binti wa miaka 9. Uvimbe sina, maumivu sina.

Mliopima mkiwa wazima nini kiliwasukuma? Na mlimwambia mume kwanza au mlienda kimyakimya?