Chura wa Kihansi: je, ni bwawa pekee lililomwondoa porini?

Mwanafunzi wa Ikolojia
Habari zenu. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu chura wa Kihansi, ambaye mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtangaza kuwa ametoweka porini. Maelezo mengi yanalaumu bwawa la umeme, mengine yanataja ugonjwa wa kuvu. Nisimamie lipi?

Mlimani
Anza na mahali penyewe. Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea, kando ya maporomoko ya Mto Kihansi katika Milima ya Udzungwa, kwenye eneo la hekta 2 hivi, na hajapatikana kiasili kwingine duniani. Jike hatagi mayai bali huzaa vichanga vilivyokamilika, kwa hiyo hana haja ya dimbwi la viluwiluwi. Anachohitaji ni manyunyu yasiyokatika, yanayorushwa na maji yanapojigonga kwenye miamba. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji zilielekezwa kwenye mitambo, na majani yaliyokuwa yakilowa mchana na usiku yakaanza kukauka. Mimi nalaumu bwawa.

Msoma Mito
Ndugu Mlimani, umeishia mitambo ilipoanza kazi, yaani mwaka 2000 hivi. Baadaye viliwekwa vinyunyizi vilivyotiririsha maji kwa mabomba, na vyura wakaongezeka tena hadi takriban 20,000 mwezi Juni 2003. Kisha, katika miezi michache tu, wakaporomoka hata wakawa wachache mno kufikia Januari 2004, ilhali vinyunyizi vilikuwapo. Kuvu aina ya kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya vyura, ilibainika kwa waliokufa. Wakati huohuo malango ya bwawa yalikuwa yamefunguliwa kwa muda, na wapo wanaoshuku tope na viuatilifu vya mashamba ya juu ya mto vilivyoshuka nalo. Ukilaumu bwawa peke yake, hutaweza kueleza ongezeko la 2003.

Mlimani
Nakubali kuhusu ongezeko hilo, lakini viumbe waliobanwa katika eneo dogo namna ile, wakitegemea mabomba, hawakuwa na pa kukimbilia kuvu ilipoingia. Kinyunyizi hurudisha unyevu. Hakirudishi upepo wa maporomoko wala mmomonyoko unaosafisha miamba.

Mwanafunzi wa Ikolojia
Na waliopo leo wametoka wapi?

Msoma Mito
Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na kizazi chao kikatunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wengine waliachiwa katika korongo la Mto Kihansi. Darasani ningeweka tarehe hizi ubaoni kwa mfuatano, kwa sababu mzozo wote umejificha kati ya 2000 na 2004.