Fimbo za boroni kwenye kinu cha nyuklia: tunauliza swali sahihi?

MLETA MADA
Wadau, mjadala wa kinu cha nyuklia Kenya ukianza, iwe ni Uyombo kule Kilifi au Siaya inayotajwa siku hizi, hakosi mtu wa kusema fimbo za kudhibiti (zile zinazoingizwa kinuni kumeza nyutroni, chembe zinazoendeleza mmenyuko wa nyuklia, ili kuupunguza au kuuzima) zitatanuka kwa joto, zikwame, kisha twafa sote. Wanaopinga mradi siwapingi. Naipinga hoja hii, maana mhandisi yeyote wa serikali ataivunja kwa dakika mbili na wananchi wataonekana hawajui kitu.

Tuchukue vinu vya maji yanayochemka. Fimbo zake kwa kawaida hujazwa kabidi ya boroni (mchanganyiko mgumu wa boroni na kaboni) ndani ya mirija ya chuma kisichoshika kutu. Kabidi hiyo ni fuwele ya ajabu: atomu kumi na mbili zimeshikana kama mpira wa nyuso ishirini, na mipira hiyo imefungwa pamoja kwa minyororo mifupi ya atomu tatu. Vifungo ni vikali, kwa hiyo joto haliitanui sana: kama sehemu 5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chuma cha mrija hufika 17. Fimbo ya mita 3.6 ikipanda nyuzi 275, kabidi hurefuka milimita 5 hivi, mrija karibu 17. Chombo kinakua kuliko kilichomo. Kukwama kunatoka wapi?

MCHANGIAJI WA 1
Hesabu nzuri, lakini ni ya fimbo mpya. Boroni-10, aina ya boroni inayofanya kazi hiyo ya kumeza, ikimeza nyutroni inageuka lithiamu na heliamu. Heliamu ni gesi, inabaki ndani ya fuwele na kuivimbisha mwaka baada ya mwaka. Juu ya hayo, fuwele iliyopigwa na nyutroni haipitishi joto vizuri tena: kiini cha kila kipande cha kabidi kinapata moto mkali, ganda lake limepoa. Kiini kinataka kutanuka, ganda linakataa, kipande kinapasuka. Vipande vikijibana kwenye mrija, chuma nacho hupasuka na maji yakaingia. Kwa hiyo kutanuka kupo, ila umekutafuta pasipo, mkuu.

MCHANGIAJI WA 2
Sisi wavuvi hatuna haja na milimita zenu. Bahari ikichafuka nani atanunua samaki wetu? Hilo halina fomula.

MLETA MADA
Lina uzito wake, na sijasema liachwe. Nasema tusilichanganye na hili la fimbo.

MCHANGIAJI WA 3
Mbona hamtaji ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, 2011? Kabidi ya boroni peke yake huyeyuka juu ya nyuzi 2,300. Ikigusana na chuma, viwili hivyo huanza kuyeyushana karibu na 1,200, chini ya kiwango cha kuyeyuka cha chuma chenyewe. Maana yake maji yakikauka kinuni, fimbo inaweza kutiririka chini huku fueli bado imesimama, na ukirudisha maji matupu, yasiyo na boroni, unaweza kuwasha upya mmenyuko uliouzima. Ndiyo sababu Wajapani walitia asidi ya boroni kwenye maji ya bahari. Kuna vinu vingine vinavyotumia fedha, indiamu na kadimiamu badala ya boroni. Sasa niambieni, ni mwananchi gani ameelezwa tutaletewa kinu cha aina gani?

MLETA MADA
Hapo umenikuna. @Mchangiaji wa 1, nakubali pia kwamba umri wa fimbo ndio kiini. Basi kwenye kikao cha umma tusiulize "zitatanuka?" Jibu ni "kidogo", na kikao kitafungwa. Tuulize fimbo itabadilishwa baada ya kumeza nyutroni kiasi gani, nani ataikagua ambaye halipwi na mwendesha kinu, na ripoti itasomwa wapi.

MCHANGIAJI WA 2
Na isomwe kwa Kiswahili. Na msisahau swali langu la samaki, liwe la kwanza.