Mlima Meru: siku tatu au siku nne?

Mwalimu wa Sakina

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Sisi ni kundi la walimu hapa Arusha, na tumekubaliana kupanda Mlima Meru likizo ya Juni, masika yakiwa yameshakatika. Wengi wetu tumekulia chini ya mlima huu lakini hatujawahi kuukanyaga. Mwenzetu anayeshughulikia bajeti anashikilia twende kwa siku tatu, kwa hoja kwamba kila siku inayoongezeka ina kiingilio chake, malazi yake na ujira wake wa wapagazi, na kwamba siku ya nne ni ya kushuka tu. Mimi nasita, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kulala juu ya mita 3,000, na wawili wameshavuka miaka hamsini. Je, siku hiyo ya nne ina kazi gani hasa? Na njia ya msituni huwaje mwanzoni mwa Juni?

Kiongozi wa Ngarenanyuki

Salaam, Mwalimu. Anza na hesabu ya mwinuko. Lango la Momella lipo kwenye mita 1,500 hivi, kambi ya kwanza ya Miriakamba mita 2,500, kambi ya pili ya Saddle karibu mita 3,570, na kilele takribani mita 4,560. Ratiba ya siku tatu maana yake ni kwamba usiku wa kuamkia siku ya mwisho mnaondoka Saddle saa saba au saa nane, mnapanda karibu mita 1,000 gizani, kisha mchana huohuo mnashuka mita 3,000 nzima hadi langoni. Vijana wenye mazoezi hulimudu hilo, ila wenye magoti ya zamani hulilipia. Kwa siku nne mnashuka hadi Miriakamba, mnakula, mnalala, na asubuhi mnapita msituni mkiwa na miguu inayowatii.

Jambo la pili ni nyati. Msitu ule ni wao, na ndiyo sababu hakuna kundi linaloruhusiwa kupita bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sipendi kuongoza watu waliochoka kupita vichaka vya nyati jioni, kila mmoja akiburuta mguu kwa mwendo wake, wakati askari anataka kundi lishikamane.

Kuhusu njia, zipo mbili kati ya Momella na Miriakamba. Ile fupi ni kali na imenyooka. Ile ndefu hupita chini ya mkuyu maarufu ulioacha tao ambalo gari linaweza kupenya, kisha huzunguka kwenye mitarakwa iliyoning'inia ndevu za kuvu na kutokeza kwenye sakafu ya kreta, yaani shimo la volkeno la mlima. Pandeni kwa ndefu, mshuke kwa fupi. Mwanzoni mwa Juni mvua kubwa huwa imekwisha, lakini ukungu hulala msituni na mizizi huteleza, kwa hiyo msije na raba za mjini.

Mpishi wa Marangu

Ninaafikiana na kiongozi, ila pana jambo moja wasomaji wanaweza kulichanganya. Siku ya nne huja baada ya kilele, kwa hiyo inasaidia magoti wala haimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa hafifu ya juu mlimani. Kinga hiyo hutafutwa kabla. Huku kwetu Kilimanjaro wageni wengi hulala siku ya ziada kambi ya Horombo, mita 3,720, kabla ya kusogea kambi ya Kibo. Kwa Meru, nafasi yenu ni alasiri ya siku ya pili: mkifika Saddle msijilaze, nyweni chai, kisha mpande kilele cha jirani cha Meru Ndogo, mita 3,820, na kurudi kulala chini yake. Atakayeanza kutapika, kuyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka asishawishiwe kuvumilia; dawa yake ni kushushwa mara moja, hata kama ni usiku. Na hao wazee wetu waliovuka hamsini wapimwe presha mapema, tena wamuulize daktari kabla ya kumeza dawa yoyote ya mwinuko.

Mkazi wa Usa River

Mwalimu, niongeze la majivu, maana huku mjini watu hawalifahamu. Kutoka Arusha mlima unaonekana mzima, kumbe upande wa mashariki ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, na kifusi chake ndicho kilichounda ardhi ya maziwa ya Momella. Ukingo uliobaki ndio mtakaoutembea usiku, kushoto kwenu kukiwa na ukuta unaodidimia zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye kilima cha majivu kilichoota ndani ya kreta. Alfajiri majivu hayo huwa yameshikamana kwa baridi na mguu unashika vizuri. Mkirudi saa nne jua likiwa limeyalegeza, kila hatua inazama hadi kifundoni na vumbi jeusi linaingia katika buti. Chukueni fimbo mbili kila mmoja, soksi za akiba, na betri mpya za tochi ya kichwani.

Mwalimu wa Sakina

Nawashukuruni sana, mwenzetu wa bajeti amesoma na amenyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra. Limebaki swali moja: ikiwa mmoja atashindwa njiani usiku ule, je, kundi zima litalazimika kurudi?

Kiongozi wa Ngarenanyuki

Hapana, mradi muwe na kiongozi msaidizi. Ombeni awepo tangu mnapopatana bei, na hapo msibane matumizi. Msaidizi humrudisha aliyeshindwa hadi Saddle, nanyi mnaendelea na kiongozi mkuu. Aidha, kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa, kwa kuwa bila hicho mnaweza kushindwa kuthibitisha kwamba mnastahili kiingilio cha raia, na malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, hivyo yakamilisheni kabla ya siku ya safari.