Mjadala: Mke, mama mzazi au mgeni, nani akae mbele kwenye gari?

Mwanzishaji, Kampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, pamoja nanyi mlio Likasi na Kasumbalesa, naomba tulizungumze waziwazi jambo hili, maana linaumiza watu kimyakimya. Mwenye gari akiwa anaendesha mwenyewe, nani anastahili kiti cha mbele?

Juzi mama mmoja mtu mzima alisema mbele ya watu wengi kwamba mke akimwona mama mkwe anakuja kwenye gari anapaswa kushuka na kwenda nyuma bila kuambiwa, na asiyefanya hivyo hakufundwa kwao. Wengi waliokuwepo walimpigia makofi. Mimi sibishani naye juu ya heshima ya wakubwa. Ninachokataa ni kukifanya kiti cha mbele kuwa kipimo cha heshima hiyo.

Tazameni wakubwa wa serikali wanavyosafiri. Waziri hakai mbele. Anakaa nyuma upande wa kulia, na mbele anakaa mlinzi wake. Itifaki ya nchi nyingi ndivyo ilivyo kwa mtu anayeendeshwa na shofere. Lakini mwenye gari akishika usukani mwenyewe, mgeni wake anakaa kando yake, ili mwenyeji asigeuzwe shofere wa kukodi. Kwa hiyo cheo hakimo ndani ya kiti. Kinahama kufuatana na nani anaendesha.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu. Magari yetu mengi yametoka Japani, yanashukia Dar es Salaam, yanavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Zambia wanapita kushoto, usukani wa kulia unawafaa. Sisi huku Kongo tunapita kulia. Ukivuka mpaka tu, shofere anajikuta pembeni, upande wa majani, na aliye kando yake ndiye yuko katikati ya barabara. Sasa chukua njia ya Likasi, kilomita kama 120, na malori ya migodi yamefuatana. Shofere akitaka kulipita lori, haoni kitu ila mgongo wa lori, mpaka atoe gari karibu lote. Anayeona ni yule wa kushoto. Yeye ndiye anasema "bado, kuna basi linakuja", au "pita sasa". Neno lake moja linabeba uhai wa wote waliomo. Na mkisimama kando ya njia, mlango wake unafungukia kwenye magari yanayopita.

Niambieni basi: umemweka kambo yako pale, yaani babu au bibi yako, macho yake yameshaingia ukungu, umemweka kwa mapenzi kabisa. Mkifika nyuma ya lori atakuambia nini?

Mkubwa apewe mahali panapoufaa mwili wake, na si lazima pawe mbele. Nimemwona mama akipandishwa kiti cha mbele cha jipu refu. Ameshika mshikio wa juu kwa mikono miwili, mguu mmoja uko kwenye ngazi, mwingine unaning'inia, kikwembe kinambana magoti, wana wawili wanamsukuma kutoka nyuma, na majirani wamesimama wanatazama. Walidhani wanamtukuza. Mimi nasema aulizwe mwenyewe anataka wapi. Na kwa barabara ndefu, mbele akae mwenye macho mazuri na anayeijua njia, awe mke, mwana au mgeni.

Mtoto mdogo asikae mbele, hata akipakatwa na mama yake. Gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto. Atatangulia yeye kwenye dashibodi. Gari lenye mfuko wa hewa ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga, kwa sababu mfuko ule unafumuka kwa nguvu kubwa palepale alipo. Apelekwe nyuma, kwenye kiti chake cha kufungiwa. Mengine yote tubishane, hili naliweka pembeni.

Haya, nijibuni.

Mama mkwe, Katuba

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho, na ya macho na malori nimeyaelewa. Lakini unasema kiti si heshima ukiwa wewe ndiye umeshika usukani. Sisi tunaokaa nyuma tunajua yanayotokea nyuma. Mifuko yote inatupwa nyuma. Sufuria ya chakula cha kupeleka kwenye kilio tunaipakata sisi. Wa mbele wanaongea, mimi napata nusu ya maneno, na nikiuliza naambiwa "hakuna kitu, mama".

Miaka ya 1990, mishahara ilipokatika katika mji huu, nilipanda malori juu ya magunia ya mahindi ili huyo anayeendesha leo apate kusoma. Gari lake silihitaji, miguu yangu bado inatembea. Ninachotaka ni watu wa kwetu wanione kando ya mwanangu tunapofika.

Na hilo la "aulizwe mwenyewe" ni mtego. Unamuuliza mtu mzima mlangoni, mke ameshakaa, mkanda ameshafunga, majirani wanasikiliza. Atajibu nini? Atasema "acheni tu, nyuma panatosha". Mtalichukua jibu hilo na kuondoka nalo, mkisema mama mwenyewe amekataa. Mtu mzima haombi kiti.

Mke na mama wa watoto, Bel-Air

Mama, shikamoo. Mimi ni mkwe wa mtu, na mama mkwe wangu nampenda. Kwenda kanisani, sokoni au kwenye kilio, mbele ni pake na sijawahi kungoja kuambiwa. Lakini tukienda Likasi au Kolwezi nakaa mbele mimi, na sababu ni ile aliyoieleza mwanzishaji. Miaka yote hii mimi ndiye ninamwangalizia mume wangu njia. Najua sauti ya gari letu, najua lini anasinzia. Akianza kujikuna shingo na kunyamaza, namwambia asimame, na anasimama. Akikaa mtu mwingine pale, kwa heshima yake hatamwambia kitu.

Na kuna jambo ambalo sisi wake hatulisemi. Tukihamishwa nyuma mbele ya watu, kwa amri, hata na shemeji mdogo aliyekuja jana, tunaambiwa kwamba katika nyumba ile sisi ni wapitaji. Wapo wanaume wanaokitumia kiti hicho kutuambia hivyo makusudi. Mama, unavyotaka kuonekana na mwanao, na mimi nataka kuonekana na mume wangu.

Mzee wa Ruashi

Wanangu, msisahau mwenye msiba. Mnapomchukua aliyefiwa kumpeleka kwenye matanga, akae anapopenda, hata kama shofere ni askofu. Wengi hupenda nyuma, wapate kulia bila kutazamwa na barabara nzima. Mgonjwa pia: anayehitaji kunyoosha mguu ashushiwe kiti cha mbele na mke au mama asogee bila neno. Na mama mjamzito, popote atakapokaa, mkanda wa chini upite kwenye nyonga, chini ya tumbo, usipite juu ya tumbo. Hayo kwangu hayana mjadala.

Shofere wa teksi, njia ya Kenya–mjini

Nyie mnabishana mmoja akae nani. Kwangu, kati ya komini yetu ya Kenya na mjini, mbele wanakaa wawili. Mnajua hivyo, maana mnapanda.

Nieleze inavyokuwa. Wa pili anakalia nusu ya kiti na nusu ya breki ya mkono. Kila ninapobadili vitesi, yaani gia, namwambia "baba, samahani, goti". Kwa hiyo nimejiwekea adabu yangu: katikati, karibu na mkono wangu, simweki mama wala binti. Anakaa mwanamume, na akiwepo kijana mwembamba namwomba yeye. Mzee nampa dirisha. Akija mama na begi kubwa, nawaomba wa nyuma wabanane, mbele sijazi. Wenzangu wengine hawajali, na abiria wa kike wanateseka humo, nasema wazi.

Mkanda ni mmoja na watu ni wawili. Nalijua hilo. Lakini mwenye gari anataka pesa yake kila jioni, na mafuta hayangoji. Nikibeba mmoja mbele, kila safari napoteza nauli ya mtu.

Mwanafunzi, Kasapa

Sisi vijana tunachangia mafuta, na aliyetoa zaidi anadai mbele. Naona si sawa. Tulitoka Kolwezi usiku, aliyelipa zaidi akakaa mbele na kulala toka mwanzo, shofere akabaki peke yake na giza na malori. Anayelala aende nyuma hata kama amelipa tangi zima.

Mwanzishaji, Kampemba

Mama wa Katuba, asante. Umenionyesha pale ambapo mkubwa anaweza kuulizwa na bado akadharauliwa. Basi swali lisiulizwe mlangoni. Mwana aende kwa mama yake siku moja kabla, waongee wawili tu: "Mama, kesho tunakwenda mbali, nani aniangalizie njia?" Wakishaelewana, asubuhi kila mmoja anafika akijua mahali pake, na mke hahamishwi kama mfuko. Na mkikaribia kijijini, simameni mahali salama, pembeni kabisa, mama apite mbele mwingie naye. Hilo la kuonekana kando ya mwanao nalichukua kama lilivyo, silipunguzi. Mifuko na sufuria ziende kwenye buti. Mtu mzima asipakate mzigo katika gari la mwanawe.

Ya shemeji mdogo nakubaliana na mke wa Bel-Air moja kwa moja. Umri peke yake haumwondoi mke kwenye kiti, seuze cheo cha kuwa ndugu wa mume.

Kwa shofere siwezi kulainisha maneno, ingawa naheshimu adabu uliyojiwekea. Mkanda ulitengenezwa kwa mwili mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa abiria hadi nusu, na wewe kila safari una mtu mmoja mbele asiye na chochote, amekalia breki, uso wake unatazamana na kioo. Gari likigonga, huyo anaruka, na anaweza kumuumiza na aliyefunga. Wa nyuma wasiofunga nao wanakuja juu ya wa mbele. Najua nauli ile ni chakula cha watoto wako. Lakini wapo abiria wanaolipa nafasi mbili ili wakae peke yao mbele. Kwa nini msiipandishe nauli ya kiti hicho, kwa makubaliano ya mstari mzima, yaani mashofere wote wa njia yenu, anayetaka mbele alipe zaidi na akae peke yake na mkanda wake?

Shofere wa teksi, njia ya Kenya–mjini

Umesema "mstari mzima", na hapo ndipo penyewe. Nikianza mimi peke yangu, abiria wa nauli ya kawaida ataingia kwa mwenzangu wa nyuma yangu anayebeba wawili, gari lake litajaa na kuondoka, mimi nitabaki kwenye parkingi na kiti changu safi. Wakikaa wakuu wa mstari wetu na kusema kuanzia Jumatatu mbele ni mmoja kwa kila gari, na polisi wa barabarani wakamsimamisha kila anayezidisha bila kumwachia huyu na kumshika yule, mimi nitafuata siku hiyohiyo. Nitalipeleka neno hili kwenye kikao chetu. Nyie abiria, mtalipa?