Mama anashinda kitini makao ya wazee, nianzie wapi?

Mama ana miaka 84, mwaka wa pili sasa yuko makao ya wazee. Wanamtunza vizuri mno, na hapo ndipo pananitia wasiwasi: kila kitu analetewa. Juzi kuinuka tu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Umri huo mazoezi si kumtesa?

Jibu: Si kumtesa, dada. Mwaka 1990 watafiti Marekani waliwapa wakazi 10 wa makao, wenye miaka 86 hadi 96, mazoezi ya uzito chini ya usimamizi. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu za 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Daktari kwanza, lakini.

Jibu: Mimi nahudumia wazee. Tunaanza na kuinuka na kukaa, mara 5, kiti kimeegemezwa ukutani. Viatu vya kukaza, ndala hapana! Na usitaje "mazoezi". Bibi mmoja alikataa katakata. Tulipomwomba atusaidie kukunja taulo, akasimama dakika kumi nzima akitukosoa.

Muulizaji: Kukosoa ndiko kwake mama, alikuwa fundi cherehani. Kesho naenda na kapu la shuka.